Kurekodi muziki bila kuona: chagua programu inayosema kabla ya kununua kompyuta

Wazee wanaoikumbuka Radio Tanzania wanaikumbuka ngoma iliyokuwa ikitangulia taarifa ya habari. Ilipolia, watu waliacha mazungumzo na kusogelea redio. Aliyeipiga, Mzee Morris Nyunyusa, alikuwa haoni. Alizipanga ngoma nyingi kumzunguka na kuzipiga peke yake, kila moja akijua ilipo kwa mkono na kwa sikio.

Ngoma haina skrini, na enanga yetu pia haina. Mpigaji asiyeona hapa Karagwe au Kyerwa anaishika enanga, anazijua nyuzi zake na anapiga. Kazi inakuwa ngumu anapotaka kurekodi. Studio ya leo ni kompyuta, na kompyuta huonyesha karibu kila kitu kwa picha: mistari ya sauti, vitufe vya kuzungusha, taa za kijani na nyekundu. Msanii anaimba, kisha anakaa pembeni kusubiri mwenye macho amalize kazi.

Katika makala hii tunaeleza namna mtu asiyeona anavyoweza kufanya kazi hiyo mwenyewe kwa kompyuta inayosoma kwa sauti, mahali fedha inapopotea, na pa kuanzia. Kama wewe unaona lakini una ndugu, mwanafunzi au mwanakwaya mwenzako asiyeona, msomee au mtumie.

Kisoma skrini ni nini

Kisoma skrini ni programu inayotaja kwa sauti yaliyomo kwenye skrini ya simu au kompyuta. Ukigusa au ukibonyeza, inakuambia umefika wapi: "kitufe cha kuhifadhi", "menyu", "jina la faili".

Simu nyingi za Android zina kisoma skrini kiitwacho TalkBack, na iPhone zina VoiceOver. Kompyuta za Windows 10 na 11 zina Narrator, ambacho huwashwa kwa kubonyeza kwa pamoja Ctrl, kitufe cha Windows na Enter. Kwa kazi ya muziki kwenye Windows, kinachotumika zaidi ni NVDA, na hakiuzwi. Kilianzishwa mwaka 2006 na Michael Curran, kijana wa Australia asiyeona, akisaidiana na James Teh, ambaye naye haoni. Visoma skrini vya kununua vilikuwa na bei kubwa, nao walitaka mtu asiyeona apate kompyuta kwa bei ileile anayoipata mtu anayeona.

Kwa nini programu nyingine hunyamaza

Hapa ndipo penye kiini cha makala yote, kwa hiyo tuende taratibu.

Kisoma skrini hakiangalii picha kama jicho linavyofanya. Kinauliza. Unapobonyeza kitufe, NVDA huiuliza programu kupitia Windows: "Mtumiaji yuko wapi? Kitu hiki kinaitwaje? Kimewashwa au kimezimwa?" Programu iliyotengenezwa kwa vitufe na menyu za kawaida za Windows hujibu, na NVDA inakusomea jibu. Lakini programu nyingi za muziki zimechorwa upya kuanzia mwanzo ili zipendeze kama mitambo ya studio kubwa. Kwa jicho, kuna kitufe cha kuzungusha kinachong'aa. Kwa Windows, ile ni picha tu isiyo na jina. NVDA ikiuliza, hakuna wa kujibu, na wewe unasikia kimya.

FL Studio, ambayo wengi wanaijua kwa kutengeneza biti, imechorwa kwa namna hiyo, na kisoma skrini hupata shida kubwa ndani yake. Haina maana kwamba ni programu mbaya. Ina maana kwamba mtu asiyeona akiinunua atakaa mbele ya kitu kisichomjibu.

Mara nyingi mambo huenda hivi. Msimu wa kahawa umeisha, fedha imepatikana, na familia inaamua kumnunulia kijana wao asiyeona kompyuta ya mtumba. Muuzaji anaongezea programu ya muziki anayoijua yeye. Kompyuta inafika nyumbani, inawashwa, na kijana hasikii chochote ndani ya programu ile. Watu wanasema, "Tuliwaambia, kazi hii inataka macho." Kijana anaamini, na kompyuta inageuka ya kuangalizia sinema. Kumbe kilichoshindwa ni programu. Kijana hakupewa hata nafasi ya kujaribu.

Jaribio la dakika tano kabla ya kutoa fedha

Usinunue programu kwa sababu inasifiwa. Ijaribu kwanza:

1. Washa kisoma skrini, kisha fungua programu.
2. Bonyeza kitufe cha Tab mara kadhaa. Je, kila unapobonyeza kinatajwa kitu chenye jina?
3. Bonyeza Alt. Je, menyu inatajwa? Ukitumia mishale, je, unasikia kila kilichomo?
4. Jaribu kuanza kurekodi na kusimamisha bila kugusa mausi.
5. Toka, rudi tena, na uone kama unajua ulipoishia.

Ukisikia kimya, au neno "kitufe" bila jina mara kumi mfululizo, achana nayo. Jaribio hili linafaa kwa programu yoyote, hata itakayotoka mwakani.

Programu tatu zinazofanya kazi pamoja

Wanamuziki wasioona wa nchi nyingi wanaotumia Windows wamekusanyika kwenye mchanganyiko wa programu tatu.

Ya kwanza ni NVDA, tuliyoieleza. Inapatikana bure kwenye tovuti ya nvaccess.org. Ukianza kuisakinisha, inaongea yenyewe, kwa hiyo huhitaji mwenye macho akusaidie.

Ya pili ni REAPER, ambayo ndiyo studio yenyewe. Humo unarekodi, unakata, unapanga na kuchanganya sauti. Ilianzishwa na Justin Frankel, yuleyule aliyetengeneza Winamp ambayo wengi waliichezeshea nyimbo kwenye kompyuta za zamani. Unaruhusiwa kuijaribu ikiwa kamili kwa siku 60. Baada ya hapo, leseni ya mtu binafsi na biashara ndogo ni dola 60 za Marekani, kama shilingi 150,000 hivi kwa viwango vya miaka ya karibuni. Faili lake la kusakinisha ni dogo, kama MB 15 tu.

Ya tatu ni OSARA. Hii ni nyongeza ya bure inayowekwa ndani ya REAPER ili iseme zaidi. Aliyeianzisha ni James Teh, yuleyule wa NVDA. Bila OSARA, REAPER husema machache. Ukiiweka, inakutajia uko kwenye traki ipi, inaitwaje, imenyamazishwa au iko tayari kurekodi. Wakati wa kuisakinisha utaulizwa kama unataka mpangilio wake wa vitufe uchukue nafasi ya ule wa REAPER. Kubali. Wengi huruka hapo, kisha wanalalamika kwamba vitufe walivyofundishwa havifanyi kazi.

Zote tatu kwa pamoja hazifiki MB 100. Bando la kawaida linatosha, na zikishasakinishwa hazihitaji intaneti. Epuka nakala za wizi zinazogawiwa kwenye flashi. Nyingi zina virusi, na hata zikifunguka huna uhakika kama zitafanya kazi na OSARA.

Mwenye kompyuta ya Apple ana njia nyingine: VoiceOver imo ndani ya kompyuta hizo tangu mwaka 2005, nayo inafanya kazi na GarageBand na Logic. Kikwazo ni bei ya kompyuta. Na kwa anayetaka tu kurekodi mahubiri, mahojiano au shairi na kukata sehemu zilizoharibika, Audacity ni ya bure na inakubali kutumika kwa kibodi na kisoma skrini.

Kompyuta gani itafaa

Ukinunua mtumba, uliza jambo moja kabla ya yote: ina Windows gani? NVDA za kuanzia mwaka 2024 hazikubali Windows 7. Tafuta yenye Windows 10 au 11. RAM ya GB 4 itakutosha kuanza, GB 8 ni nafuu zaidi kwa kazi. Skrini ikiwa na ufa si tatizo kwako, na unaweza kuitumia kama hoja ya kupunguziwa bei. Lakini kagua kila kitufe cha kibodi, betri, na tundu za USB.

Vitufe vya siku ya kwanza

Pitisha vidole vya shahada kwenye kibodi. Herufi F na J zina kinundu kidogo kila moja. Aliyesoma nukta nundu atavitambua mara moja. Hapo ndipo mikono inapoanzia na kurudia. Jifunze kwanza kuandika bila kutafuta herufi, hata kwa wiki mbili, ndipo ufungue REAPER.

Kisha jifunze vitufe hivi vichache, vya mpangilio wa OSARA:

- Ctrl na T: kuongeza traki mpya. Andika jina lake, kisha Enter.
- Mshale wa juu na wa chini: kuhama kutoka traki moja kwenda nyingine huku ukitajiwa jina.
- F7: kuiandaa traki ili irekodi.
- Kitufe kirefu cha nafasi: kucheza na kusimamisha.
- F5: kuinyamazisha traki. F6: kuisikia hiyo peke yake.
- S: kukata sauti mahali ulipo.
- Ctrl na Z: kurudisha ulichoharibu.
- Ctrl na S: kuhifadhi.
- F12: kuwasha msaada wa vitufe. Ukishaiwasha, kila kitufe unachobonyeza kinatajwa kazi yake bila kuifanya. Bonyeza F12 tena kuzima.

Hicho cha mwisho ni mwalimu wako. Ukisahau, usikimbilie kumwita mtu. Washa F12 na uulize vidole vyako.

Rekodi ya kwanza: enanga, sauti na kiitikio

Tuchukue mfano wa wimbo wa Kinyambo wenye enanga, mwimbaji mmoja na waitikiaji.

Ongeza traki tatu na uzipe majina: Enanga, Sauti, Kiitikio. Kila moja itakaa peke yake, ili ukitaka kuongeza sauti ya mwimbaji usiguse enanga. Rekodi enanga kwanza tangu mwanzo hadi mwisho. Weka maikrofoni hatua fupi kutoka kwenye chombo, sikiliza kwa hedifoni, sogeza, sikiliza tena. Kazi hii ni ya sikio, na hapa asiyeona hayuko nyuma ya mtu yeyote.

Enanga ikikaa sawa, ivalie hedifoni na uimbe juu yake kwenye traki ya pili. Mwisho leta waitikiaji. Wakikosea ubeti mmoja, rudia ubeti ule tu.

Wanaoona huangalia taa: sauti ikizidi, taa inakuwa nyekundu, maana yake sauti itapasuka na haitengenezeki tena. Wewe utajuaje? OSARA ina chombo kiitwacho Peak Watcher. Unakiwekea kiwango, na sauti ikikizidi kinakuambia. Wakati wa kurekodi, acha vilele vya sauti vifike kati ya desibeli -12 na -6, ili kibaki nafasi mwimbaji akipandisha sauti ghafla.

Kuhusu chumba, tunasema kwa uzoefu wa kurekodi vipindi vyetu: mvua ikianza kupiga bati, simamisha. Hakuna programu itakayoiondoa vizuri. Kagera mvua ni nyingi, kwa hiyo panga kazi yako kufuata hali ya hewa. Mablanketi ukutani na godoro nyuma ya mwimbaji hupunguza mwangwi bila gharama.

Umeme nao hukatika. Bonyeza Ctrl na S kila unapomaliza kipande, na mara moja kwa wiki weka nakala ya kazi zako kwenye flashi unayoihifadhi mahali pengine.

Sauti ya NVDA isiingie kwenye wimbo

Wanaoanza hukutana na jambo hili siku ya kwanza. Mwimbaji yuko katikati ya ubeti, na NVDA inataja saa au jina la traki. Kama unatumia spika, maikrofoni inaichukua, na wimbo unakuwa na mtu wa tatu.

Dawa ya kwanza ni hedifoni, wakati wote wa kurekodi. Usitumie za Bluetooth, kwa sababu sauti inachelewa kufika na utaimba nyuma ya mapigo.

Dawa ya pili ni ya hatua inayofuata. Nunua kadi ya sauti ya nje inayochomekwa kwenye USB. Elekeza REAPER kwenye kadi hiyo, na NVDA uiache kwenye sauti ya kompyuta yenyewe. Hivyo muziki na msomaji kila mmoja ana njia yake. Hili linasaidia pia kwa sababu REAPER ikishika kadi moja peke yake, NVDA kwenye kadi hiyohiyo inaweza kunyamaza, nawe utadhani kompyuta imekufa.

Tatizo la lugha

Menyu za REAPER ni za Kiingereza. NVDA inakuja na sauti iitwayo eSpeak NG, nayo inasema Kiswahili. Lakini ukiiacha kwenye Kiswahili ndani ya REAPER, itasoma maneno ya Kiingereza kwa matamshi ya Kiswahili na hutaelewa kitu. Weka sauti ya Kiingereza kwa REAPER na ya Kiswahili kwa ujumbe na habari. NVDA inaruhusu kuweka mpangilio tofauti kwa kila programu, ikabadilika yenyewe unapohama.

Huhitaji Kiingereza cha kutoa hotuba. Maneno kama thelathini yanatosha kwa kuanza: track, record, mute, solo, volume, insert, delete, save, render na mengine ya namna hiyo. La mwisho, render, ndilo linalogeuza kazi yako kuwa faili moja la wimbo unaloweza kumtumia mtu au kutuletea redioni. Mwombe mwalimu au mwanafunzi wa sekondari aliye jirani akusomee na kukueleza maneno hayo, nawe uyarekodi kwenye simu na kuyasikiliza.

Kama una simu tu

Usisubiri kompyuta. Washa TalkBack kwenye mipangilio ya simu, sehemu ya ufikivu, ambayo kwenye simu za Kiingereza imeandikwa Accessibility. Ikiwashwa, namna ya kugusa inabadilika: unatelezesha kidole ili kusikia kilichopo, kisha unagusa mara mbili haraka ili kufungua. Kwenye simu nyingi, kubana vitufe viwili vya sauti kwa sekunde tatu huiwasha au kuizima.

Kwa simu unaweza kurekodi mawazo ya nyimbo, kujifunza kupanga mafaili kwa majina, na kuzoea kusikiliza kisoma skrini kikienda kwa kasi. Programu nyingi za muziki za simu zina vitufe visivyo na jina, lakini TalkBack inakuruhusu kuvipa baadhi ya vitufe hivyo majina mwenyewe. Zipitishe kwenye jaribio letu la dakika tano.

Kazi ni ya nani

Kuna sababu moja zaidi ya kujifunza kazi hii, nayo ni ya mfukoni. Msanii anayekwenda studio Kayanga au Omurushaka hulipa nauli na hulipa studio. Akitaka kubadilisha neno moja baada ya mwezi, anarudi na kulipa tena. Traki zake zinabaki kwenye kompyuta ya mtu mwingine. Asiyeona analipa na nauli ya anayemsindikiza. Akirekodi nyumbani, traki ni zake, na anaweza kuwarekodia wengine kwa malipo: kwaya, harusi, matangazo ya maduka.

Wimbo ukikamilika, usajili Ofisi ya Hakimiliki Tanzania, COSOTA. Na kwa masuala ya haki, Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 ipo, na Chama cha Wasioona Tanzania, TLB, ndipo mahali pa kuuliza na kukutana na wenzako.

Tunasisitiza mwishoni tulilolisema mwanzoni. Kabla ya kuuza kahawa, mbuzi au ndizi ili kununua kompyuta, jaribu kwanza kama programu inasema. NVDA ni bure, OSARA ni bure, na REAPER inakupa siku 60. Hiyo ni miezi miwili ya kujaribu kwenye kompyuta ya kuazima, shuleni au kwa rafiki, kabla shilingi moja haijatoka. Na ukimaliza wimbo wako wa kwanza, tuletee tuusikie.